Pedali za gita kwa pesa kidogo: anza na tyuna

Wakuu mnaopiga gita la umeme kanisani ama kwa bendi hapa Kampala, kama pesa inatosha pedali moja tu chukua tyuna kwanza (ile inayokuonyesha kama nyuzi zimekaa kwenye noti sahihi), distoshoni (ile ya kukwaruza sauti) baadaye, maana gita ambalo halijatyuniwa hakuna efekti ya kulificha. Tyuna ya kubana kichwani mwa gita inasoma mtetemo, ni rahisi na nyumbani inatosha kabisa, ila jukwaani besi na ngoma zinatingisha kila kitu, inachanganyikiwa; tyuna ya kukanyaga inasoma kupitia waya na inazima sauti ukityuni. Ikae ya kwanza kutoka kwa gita, na uhakikishe imewekwa 440 (hertz, kipimo cha kawaida cha noti A).

Distoshoni tafuta hata yuzdi, Boss DS-1 ipo tangu 1978 na boksi lake ni la chuma, zinadumu sana. Nenda na gita lako, kanyaga swichi mara kumi, zungusha vinobu vyote, tingisha jeki, sauti ikikatika achana nayo.

Adapta sasa, hapo ndo wengi wanaunguza! Pedali nyingi ni volti 9, hasi (−) katikati ya plagi, linganisha alama ya adapta na ya pedali kwanza. Na umeme wetu unavyokatika, ukipata pedali inayokubali betri pia, hiyo ndo nzuri zaidi.