Kutoka Gramu hadi Moli, na Kutoka Moli hadi Molariti

Mfanyabiashara wa soko la Darajani, Zanzibar, anayenunua kanga kwa jumla huhesabu kwa korija, na muuza boriti naye huhesabu kwa korija, ingawa korija ya kanga hubebwa begani na korija ya boriti huhitaji gari. Korija ni 20 tu, ya kitu chochote. Moli ni hesabu ya namna hiyohiyo, isipokuwa idadi yake ni kubwa mno: moli moja ni chembe 6.022 × 10²³, ziwe atomu, molekuli au ayoni (chembe zenye chaji ya umeme). Anayeifananisha moli na pishi hukosea tangu mwanzo, kwa kuwa pishi hupima ujazo, ilhali moli huhesabu idadi.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu chembe mojamoja, tunapima uzito kwa mizani, kisha tunaugeuza kuwa idadi. Daraja la kuvukia ni masi ya moli moja, ambayo hupatikana kwa kujumlisha masi za atomu zilizomo katika fomula. Chumvi ya mezani ni NaCl. Sodiamu ni 23 na klorini ni 35.5, hivyo moli moja ya chumvi ina gramu 58.5. Ukipima gramu 11.7 za chumvi, gawa kwa 58.5, nawe utapata moli 0.2. Ukitaka kurudi kwenye gramu, zidisha. Wapo wanaofundishwa kuchora pembetatu yenye herufi za gramu, moli na masi ya moli, kisha kufunika kwa kidole herufi wanayoitafuta. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mwanafunzi akiisahau pembetatu hubaki mikono mitupu. Afadhali kuandika vipimo kando ya kila namba: gramu (g) zikigawanywa kwa gramu kwa moli (g/mol), gramu hukatana na moli hubaki, na jibu likitoka na kipimo kisichotarajiwa, kosa hujionesha lenyewe.

Faida ya kuhesabu kwa moli huonekana vizuri katika maji ya bahari, yaleyale yanayoanikwa katika mashamba ya chumvi ya Pemba. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 11 za ayoni za sodiamu na gramu 20 za ayoni za kloridi. Kwa mizani, kloridi inakaribia kuwa maradufu ya sodiamu. Lakini gawa 11 kwa 23 upate moli 0.48, kisha gawa 20 kwa 35.5 upate moli 0.56: kumbe kwa idadi hazikupishana sana, na kloridi iliyozidi huwa imelinganishwa na ayoni nyingine zenye chaji chanya, hasa magnesiamu. Mizani peke yake isingetuambia hayo.

Namba hizo mbili tayari ni molariti, kwa maana molariti ni idadi ya moli zilizomo katika lita moja ya myeyusho, na alama yake ni M. Moli 0.2 za chumvi katika myeyusho wa mililita 250 hazigawanywi kwa 250, bali kwa 0.25, kwani mililita hugeuzwa kwanza kuwa lita. Jibu ni 0.8 M. Zingatia pia kwamba ni lita ya myeyusho, si lita ya maji. Kwa hiyo chumvi huyeyushwa kwanza katika maji machache, kisha huongezwa maji hadi alama iliyo shingoni mwa chupa ya kupimia.

Kosa linalowapoteza wengi ni la maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Tuseme unatakiwa kutengeneza mililita 250 za myeyusho wa 0.1 M wa mrututu, yaani salfeti ya shaba. Moli zinazohitajika ni 0.1 × 0.25, yaani 0.025. Fuwele za buluu za mrututu ni CuSO₄·5H₂O, ambazo masi yake ya moli ni gramu 249.5, hivyo utapima gramu 6.24. Aliyesahau molekuli tano za maji hutumia 159.5, akapima gramu 3.99, na myeyusho wake hautafika hata 0.07 M. Haidroksidi ya sodiamu nayo hufyonza unyevu wa hewani, na visiwani kwetu wakati wa masika unyevu si haba. Ipime upesi na ufunge kopo, la sivyo sehemu ya gramu unazosoma itakuwa maji.

Kuzimua myeyusho ni jambo jepesi, kwa kuwa moli hazibadiliki maji yanapoongezwa: molariti ya awali ikizidishwa kwa ujazo wa awali hulingana na molariti mpya ikizidishwa kwa ujazo mpya. Chukua siki ya achari yenye gramu 5 za asidi ya asetiki katika kila mililita 100. Hizo ni gramu 50 kwa lita; gawa kwa 60, ambayo ni masi ya moli ya asidi hiyo, upate 0.83 M. Ukihitaji mililita 250 za 0.1 M, zidisha 0.1 kwa 250 na ugawe kwa 0.83. Pima mililita 30 za siki, zitie katika chupa, kisha ongeza maji hadi alama ya 250 na utikise.