Mtoto ameamka anaumwa: aende shule au abaki nyumbani?

Tuanze na suala la panadol. Mtoto anaamka wa moto saa 12 asubuhi, anapewa dawa, joto linashuka, anavaa sweta na kuondoka. Dawa hiyo hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu. Saa 5 hivi, kipindi kikiwa katikati, homa inarudi, mwalimu anahangaika kumtafuta mzazi aliye shambani au sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na walioketi naye dawati moja wameshavuta pumzi yake asubuhi nzima. Kwa hiyo: aliyepewa dawa ya kushusha homa asubuhi habebi begi siku hiyo. Arudi shule akishamaliza saa 24 bila homa na bila dawa hiyo.

Homa ipimwe. Kiganja kilichotoka kuchota maji ya bomba mwezi wa saba hakiaminiki, maana kila paji la uso utakalogusa litakuwa la moto. Themometa ya kidijitali hupatikana duka la dawa. Kausha kwapa, ncha iguse ngozi na siyo fulana, bana mkono wa mtoto hadi ilie. Ikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Kama ametoka kuota moto jikoni au alikuwa chini ya mablanketi mawili, msubiri robo saa kisha upime upya.

Dozi ya panadol hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 anatosha na nusu kidonge cha miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma lebo ya dawa ya mafua pia. Nyingi zina dawa hiyo hiyo ndani, na ukizitumia pamoja umempa dozi mbili bila kujua.

Makete na Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi, utasikia kwamba huku juu hakuna malaria. Ni kweli kwamba ni kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo: mtoto ambaye mwili wake haujaizoea anaweza kuzidiwa haraka. Akipata homa ndani ya wiki chache baada ya likizo Kyela au kwenye mashamba ya mpunga Mbarali, mabondeni kwenye malaria, apimwe siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe alikotoka. Malaria ikionekana, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta dawa hainyonywi vizuri. Malaria haiambukizwi darasani, hivyo akishapoa na kula vizuri aende, ila dozi aimalize.

Mafua mepesi bila homa hayamzuii mtu. Kila chafya ikimbakiza mtoto nyumbani kipindi cha baridi, madarasa ya Mafinga yatabaki na walimu peke yao. Kikohozi ndicho cha kuangaliwa. Mtoto akiwa ametulia, fungua kifua na uhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili. Kwa aliyezidi miaka 5, pumzi 30 au zaidi, au nyama ya chini ya mbavu kubonyea ndani anapovuta hewa, ni safari ya kituo cha afya leo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu, na siku ya kurudi darasani ataitaja mhudumu. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watoto: hewa yake inaua, na hata isipoua, moshi humwamsha mwenye pumu akiwa amebanwa.

Anayehara abaki hadi saa 24 zipite bila choo cha maji. Anyweshwe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi. Ukipunguza maji chumvi inazidi, na iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Maji ya kunywa yaache yatokote kweli kweli kwa dakika 1. Kitulo na vijiji vingine vilivyo juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufika joto la nyuzi 100.

Surua: abaki siku 4 tangu vipele vitoke. Matumbwitumbwi: siku 5 tangu mashavu yavimbe. Tetekuwanga: hadi kila lengelenge likauke na kuwa gamba, na asipewe aspirini.

Upele unahitaji maelezo zaidi, maana ndio unaozunguka shule na kurudi. Baridi inawalaza watoto watatu blanketi moja, na kuoga kunaahirishwa. Ukimtibu mmoja, ndugu zake watamrudishia. Wote wa nyumba hiyo wapakwe usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Losheni nyeupe ya benzili benzoeti ya asilimia 25, kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12, huchanganywa na maji kiasi sawa, vinginevyo inachoma. Kesho yake nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Baada ya upakaji wa kwanza mtoto anaruhusiwa darasani. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, na wazazi wengi hukosea hapo: wanapaka tena na tena hadi ngozi inababuka. Kwa shule ya bweni, litibiwe bweni zima kwa pamoja.

Mwenye mapunye kichwani asome kama kawaida, ila asichangie kofia, kitana wala mashine ya kunyolea. Mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mizizi ya nywele. Anahitaji vidonge kutoka kituoni, kwa wiki 6 au zaidi.

Haya hayasubiri kesho: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, shingo kukakamaa, usingizi usio wa kawaida. Degedege likitokea darasani, mlaze ubavu, ondoa madawati, angalia saa, usimtie kijiko mdomoni. Likipita dakika 5, hospitali papo hapo; likiisha mapema, bado apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwa mwalimu wa darasa, ujumbe mfupi kabla ya mahudhurio kuitwa unatosha: "Shikamoo mwalimu. Mtoto wangu wa darasa la tatu ana homa tangu jana usiku, tunaenda zahanati, nitakujulisha jioni." Siku za kliniki za kila mwezi zitajwe mapema ili zisiandikwe utoro. Jina la ugonjwa wa kudumu aambiwe mwalimu mmoja unayemwamini, faragha, wala lisiandikwe kwenye daftari linalopita mikononi mwa wanafunzi. Dawa ya kumezwa shuleni ikabidhiwe mwalimu ikiwa kwenye pakiti yake, na karatasi yenye jina, kiasi na saa. Acha namba mbili za simu, ya pili iwe ya jirani anayeshinda penye mtandao.