Kabla hamjadai mahakama ya rufaa ya kati, fungueni faili

Nilikuwa karani wa masijala kwenye mahakama za huku Pwani. Sasa nimestaafu, niko kwetu Malindi. Vijana wanaosomea sheria hunijia na swali la mdahalo: jimbo la Marekani lenye mahakama moja tu ya rufaa, lianzishe nyingine ya kati, yaani kati ya mahakama zinazosikiliza kesi mara ya kwanza na ile ya juu?

Mwanangu, anza na rufaa zilizokwisha. Kwa kila faili andika tarehe ya hukumu, siku mwenendo wa kesi (maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani) ulipomalizika kuchapwa, siku faili ilipofika kwa majaji na siku ya uamuzi. Ukikuta faili imelala kwa mchapaji kuliko kwa jaji, ajiri wachapaji, basi. Kenya ugonjwa huu umeingia hadi kwenye kanuni: rekodi ya rufaa huwasilishwa Mahakama ya Rufaa ndani ya siku 60 tangu uwasilishe notisi ya kukata rufaa, lakini ukiwa uliomba mwenendo kwa barua ndani ya siku 30 tangu hukumu na mpinzani wako akapewa nakala, msajili hukupa cheti na siku za kungoja hazihesabiwi. (Barua ile watu huisahau mno!)

Faili zikiwa zimekwama kwa majaji wenyewe, zitenge. Hii inalalamikia kosa la hakimu mmoja. Ile itaweka sheria ya kufuatwa na wote. Majaji wa juu wakimaliza mwaka kwenye fungu la kwanza, hapo mahakama ya kati ina kazi.

Kuiunda kuna njia mbili. West Virginia ilipitisha sheria 2021, na Julai 1, 2022 majaji watatu wakaanza kazi: rufaa za madai na nyingi za familia huenda kwao moja kwa moja, za jinai zikabaki juu. Nevada, ambako wapiga kura walikuwa wamelikataa wazo hilo zaidi ya mara moja, walilikubali 2014. Huko rufaa zote huingia Mahakama ya Juu, nayo huteremsha inazotaka kwa majaji watatu wa mahakama ya kati. Mimi naipenda ya Nevada: dirisha ni moja, mwananchi hakosei mlango. Ila majaji wa juu hawaepuki kuchambua kila kinachoingia.

Kisha bana mlango wa juu, si kila rufaa ipande tena, la sivyo umeongeza ngazi na gharama tu. Katiba ya Kenya, ibara ya 163, hukupandisha Mahakama ya Juu kwa haki yako pale tu suala ni la tafsiri au utekelezaji wa Katiba. Mengine yathibitishwe kwanza kuwa yanagusa umma kwa upana.

Mahali pia. Mtu wa Lamu mjini huvuka kwa boti hadi Mokowe, apande basi kupitia Witu ndipo afike Mahakama Kuu ya Garsen. Mahakama ya Rufaa ilipofungua kituo Malindi 2013, watu wa huku walipunguziwa safari. Kwa hiyo mswada utaje miji ambayo majaji watakwenda kusikiliza kesi, na penye idadi ya majaji pawe na idadi ya makarani na wachapaji, mstari huohuo.