Utumbo wa mbwa umegoma na tezi ni dhaifu: uanzie wapi?

Mbwa ambaye tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, imedhoofu, hunenepa bila kula sana, hupenda kuota jua, na manyoya ya mkia humnyonyoka. Mwili wote hupungua kasi, utumbo nao vilevile. Mara chache utumbo husimama kabisa: tumbo linajaa gesi ingawa hakuna kilichoziba. Lakini nawasihi, msianze kwa kuishuku tezi.

Hatua ya 1. Anatapika, hataki kula, tumbo limevimba? Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Msimnyweshe mafuta ya kupikia. Anayetapika huyavuta mapafuni.

Hatua ya 2, na hapa ndipo mbwa wengi hupona au kufa: kuhakikisha njia haijazibwa. Hii ni kazi ya eksirei na altrasaundi. Mwambie daktari kila kilichopotea nyumbani: soksi, mfupa, gunzi la mahindi. Gunzi nalichukia kuliko vyote. Mbwa hulimeza kwa sababu linanukia chakula, tumbo haliwezi kulisaga, na kwenye eksirei linaweza lisionekane vizuri. Likikwama utumboni, dawa yake ni upasuaji.

Hatua ya 3. Njia iko wazi, utumbo tu ndio umelegea: atawekewa dripu, na damu ipimwe potasiamu, maana ikishuka misuli ya utumbo hukosa nguvu. Dawa ya kusukuma utumbo kama metoklopramidi huja baada ya hapo tu. Ukisukuma palipoziba, utumbo unaweza kupasuka.

Hatua ya 4. Kupima tezi. T4, yaani homoni ya tezi yenyewe kwenye damu, peke yake inadanganya: ugonjwa wowote mzito huishusha hata kama tezi ni nzima. Dai TSH pia, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. T4 ikiwa chini na TSH juu, ushahidi una nguvu. Majibu yakigongana, rudieni mbwa akishapona.

Hatua ya 5. Tezi ikithibitika dhaifu: levothairoksini, yaani homoni ya tezi kwa kidonge, kwa kawaida mikrogramu 20 kwa kila kilo, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Damu hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 8, saa 4 hadi 6 baada ya kumeza kidonge.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mama anameza vidonge hivyohivyo. Nimgawie mbwa wangu wa kilo 30?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Dawa ni moja, dozi ni mbali kabisa. Mbwa huyo angehitaji mikrogramu 600 kwa mara moja. Utamaliza dawa ya mama, na mbwa hajapimwa.

Swali: Amechangamka na choo anapata, mbona manyoya bado?
Jibu: Uchangamfu hutangulia, mara nyingi ndani ya wiki chache. Manyoya huchukua miezi. Endelea.

Swali: Wangu sasa anahema, hatulii, anakunywa maji mno.
Jibu: Huenda dozi imezidi. Mpigie daktari leo, kabla ya kidonge cha jioni.