Kutoka Kiti cha Kulia hadi cha Kushoto: Kujiandaa Kuwa Kapteni wa Jeti ya Kukodi

Rubani msaidizi wa jeti pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, akishaona saa zake za kuruka zimeongezeka, huanza kuuliza ni lini atahamia kiti cha kushoto, anachokalia kapteni. Ningemshauri ajiulize kwanza ni maamuzi mangapi ya safari ya jana ambayo angeweza kuyafanya mwenyewe, kwa sababu ndege anaijua tayari, na kinachopimwa zaidi katika mafunzo ya ukapteni ni namna anavyoamua.

Makaratasi yashughulikiwe mapema. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya juu kabisa ya urubani humtaka mwombaji awe na umri wa miaka 21 au zaidi na saa zisizopungua 1,500 za kuruka, zikiwamo 100 za usiku. Sharti linaloweza kumkwamisha rubani msaidizi ni lile la uongozi wa ndege: saa 250 akiwa rubani mkuu, au 500 akitekeleza kazi za rubani mkuu chini ya usimamizi, au mchanganyiko unaokubalika wa hizo mbili. Kwa hiyo iombe kampuni ikupangie safari za namna hiyo, na uhakikishe zinaandikwa ipasavyo katika kitabu chako cha saa, usije ukafikisha 1,500 halafu ukagundua kuwa pengo liko hapo.

Wakati huohuo, nunua daftari. Kabla ya kila safari, na kabla kapteni wako hajafungua kinywa, andika mafuta ambayo ungebeba, uwanja mbadala ambao ungeuchagua, na jambo ambalo lingekufanya uahirishe safari. Kisha linganisha na alichoamua yeye, na mkishatua umwulize kwa adabu: "Kapteni, leo uliongeza mafuta kwa nini?" Wengi hufurahi kuulizwa.

Chukua mfano wa Wilson saa nane mchana. Uwanja uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 25, hewa huwa nyepesi kana kwamba ndege inaruka kutoka uwanja wa futi 8,000 hivi. Injini hutoa nguvu pungufu, ilhali ndege hulazimika kukimbia kasi zaidi ardhini, kiasi kwamba noti (maili za baharini kwa saa) 110 zinazosomeka kwenye kipima kasi ni karibu noti 124 za kweli, na njia ya kurukia ina meta 1,500 tu hivi. Sasa mheshimiwa aliyekodi ndege kwenda Juba amefika na wageni wawili zaidi pamoja na masanduku yao. Hesabu zikikataa, kapteni anaweza kuacha mizigo, kusubiri jua lipoe, au kuondoka na mafuta machache na kuongeza mengine Eldoret, ambako njia ina karibu kilomita 3 na nusu. Jizoeze kuyasema hayo kwa sentensi fupi: "Mheshimiwa, kwa joto hili hatuwezi kubeba vyote. Masanduku yafuate baadaye, au tupitie Eldoret kuongeza mafuta, na hapo tutachelewa." Ukianza kujiumauma, atajua kuwa unaweza kusukumwa.

Mikono nayo ina somo lake. Katika ndege yenye usukani wa kawaida, mkono wa kulia uliozoea kushika usukani sasa utashika vishikio vya nguvu za injini, na wa kushoto utachukua usukani. Omba ruhusa ukae kiti cha kushoto ndege ikiwa hangani, yaani katika banda lake, ukariri mpangilio wa swichi hadi uziguse ukiwa umefumba macho. Zoea pia kuondoa mkono kwenye vishikio hivyo mara ndege inapofikia kasi ya uamuzi, ile marubani waiitayo V1, kwa kuwa baada ya hapo safari ya kupaa huendelea hata injini moja ikizimika.

Katika simuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege, kosa langu mwenyewe lilikuwa pupa. Taa ya moto wa injini ilipowaka, nilimnyang'anya mwenzangu usukani ingawa alikuwa akiruka vizuri kabisa. Mkufunzi alisimamisha zoezi, akauliza, "Sasa orodha ya hatua za dharura anasoma nani, na nani anafikiria pa kutua?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, dharura ikitokea huwa namwachia mwenzangu aruke, nami nabaki na nafasi ya kufikiri.

Baada ya simuleta huja safari halisi chini ya usimamizi, mkufunzi akiwa kiti cha kulia, mara nyingi amenyamaza makusudi. Mawingu yakitanda juu ya Ngong na waongoza ndege wakikupa zamu ya kusubiri angani, usimgeukie ukimsoma uso. Tazama mafuta, taja kwa sauti dakika unazoweza kusubiri na uwanja utakaoelekea zikiisha, eleza sababu, kisha umwulize kama anaona jambo ambalo wewe hukuliona.