Somo la mbaazi: kupanda, kuvuna na kuogesha kwa majani yake

Ndugu zangu, asubuhi Malindi inakula mahamri kwa mbaazi za nazi, lakini mti wenyewe tumeuacha mpakani mwa shamba kama ua. Nataka tuurudishe katikati ya mahindi. Mchanga wetu wa Ganda na Kakuyuni umechoka, na mbaazi ni mmea unaoulisha udongo: bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea.

Kwanza, mbegu. Mbaazi mrefu wa kienyeji huchukua miezi 8 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Mbegu ya KAT 60/8, iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani, huvunwa kwa miezi 5 hadi 6. Anayeanza aanze na hiyo.

Pili, kupanda. Masika yakishika, panda pamoja na mahindi. Mistari ya mahindi iwe sentimita 75, na mbaazi uuingize katika kila pengo la pili, ili kati ya mstari wa mbaazi na mwenzake pawe na mita 1.5. Shimo hadi shimo, nusu mita. Tia mbegu tatu, kina cha sentimita 5, kisha bakisha miche miwili.

Tatu, palizi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Miezi miwili ya mwanzo mbaazi hukua polepole mno, kwa sababu nguvu yake inashuka kwenye mzizi. Nimeona watu wakiung'oa wakidhani umedumaa. Msiung'oe! Palilieni mara mbili, muusubiri. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hupata jua na kupanda juu kwa ghafla, na mzizi ule mrefu huufikisha kwenye unyevu wakati mazao mengine yamekauka. Ukitaka kujua kama vinundu vinaulisha udongo, chimbua mche mmoja wa wiki sita, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu, ni kizima.

Nne, viwavi. Huja na maua, kisha hutoboa maganda. Ponda nusu kilo ya kokwa za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, nyunyiza jioni. Jua kali huiua nguvu ya dawa hii.

Tano, kuvuna. Mbichi chuma maganda yakijaa. Kavu usiziache shambani, kwani fukusi hutaga mayai juu ya maganda mti ukiwa bado umesimama. Anika mpaka punje ivunjike kwa jino, kisha weka kwenye chombo kisichopitisha hewa. Mti ukate usawa wa kiuno. Mvua za vuli zitauchipuza tena. Vijiti ni kuni. Majani yaliyopukutika usiyafagie, hiyo ndiyo mbolea.

Majani kama dawa. Huku kwetu mtoto mwenye surua au tetekuwanga huogeshwa maji ya majani ya mbaazi. Chemsha konzi mbili zilizooshwa, acha yawe vuguvugu, mwogeshe. Muwasho hutulia, nami nilioga hivyo utotoni. Ila maji hayo hayaui surua. Mdogo wangu aliogeshwa siku nne huku kifua kikimbana, na tulipofika hospitalini tayari ilikuwa homa ya mapafu. Alipona, lakini sitaki mzazi mwingine apite pale. Mtoto wa surua aende kituo cha afya siku ya kwanza, apewe vitamini A, na chanjo zake za miezi 9 na 18 zisirukwe. Maji ya majani asitiwe machoni wala masikioni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbegu yangu nililetewa kutoka bara kwenye baridi. Mti umenipita kimo, hauna hata ua moja. Nimekosea wapi?*

Hukukosea, mama. Mbaazi mrefu wa nyanda za juu hutaka ubaridi ili utoe maua, na joto letu huuchelewesha. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huo wako una haki ya kulalamika. Msimu ujao tafuta mbegu ya joto.

*Shangazi anakunywa maji ya majani kwa ajili ya kisukari. Ni sawa?*

Hapana, dada. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama hayakukubaliana: mengine yalishusha sukari, mengine yaliipandisha. Ale mbaazi zenyewe, na dawa za daktari asiziache.

*Mbuzi wakila majani watadhurika?*

La, ni malisho mazuri. Wakatie matawi uwapelekee, usiwaachie shamba.

*Miti yangu mitatu imenyauka ikiwa na maua, na udongo una maji.*

Pasua shina, kaka. Ukiona michirizi ya kahawia ndani, ni ukungu wa mnyauko unaokaa kwenye udongo. Ng'oa na uchome, mbegu za miti hiyo usizihifadhi, na hapo panda mtama au mahindi kwa misimu kadhaa kabla ya kurudisha mbaazi.