Kukata mshazari kwa vaisi ya kuinamisha

Mteja mmoja wa Molo alitaka kabari nane za kushikilia visu vya mashine yake ya kukatia majani ya ng'ombe, kila moja na mshazari wa nyuzi 15. Nikatoa jiliwa langu la bawaba, yaani kibano cha kushikilia chuma kinachoweza kuinamishwa, vaisi kama tunavyoiita mtaani, nikaiinamisha kwa kufuata namba zilizochongwa ubavuni. Kabari nne za kwanza zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zile namba zilikuwa zimekosea karibu nyuzi 1, na kwenye kabari ya urefu wa mm 60, hiyo ni kama mm 1 nzima.

Siku hizi, hapa kwenye kibanda changu nyuma ya nyumba Lanet, Nakuru, nafanya hivi.

Hatua ya 1. Funga vaisi ikiwa bado imelala. Pangusa meza ya mashine ya milingi, ile inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka, na chini ya vaisi, kwa kitambaa kisha kwa kiganja. Kiganja hugundua chembe ambazo jicho halioni. Pini ya bawaba iende sambamba na ule mwendo mrefu wa meza. Ukikata kwa kuifuata pini, bawaba haisumbuliwi sana. Ukikata kwa kuikabili, kisu kinakazana kuizungusha. Pitisha saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake huonyesha sehemu ndogo za milimita, kwenye taya la vaisi lisilosogea. Sindano ikicheza mm 0.02, kwa kazi ya kabari inatosha.

Hatua ya 2. Inua, halafu pima mwenyewe. Ukiwa na kipimapembe cha dijitali, kiweke kwanza juu ya meza, bonyeza sifuri, ndipo ukipandishe kwenye vaisi. Kama huna, saa ileile inatosha. Bana kipande kilichonyooka, simamisha saa wima juu yake, kisha sogeza meza mm 20 kuelekea kwako. Kwa nyuzi 15, sindano lazima iwe imetembea mm 5.36, yaani 20 mara 0.268. Kwa nyuzi 30 sogeza mm 10 tu, upate 5.77, ukizidisha, saa ya kawaida inaishiwa na mwendo.

Kaza bolti za bawaba kidogo kidogo, kwa zamu, kulia na kushoto. Kisha pima tena! Pembe huhama unapokaza, na hapa ndipo wengi huharibu.

Hatua ya 3. Ingiza jeki ndogo ya skrubu chini ya upande ulioinuka, iguse tu bila kusukuma.

Hatua ya 4. Kata kwa upole. Vaisi hii ni ndefu na haina ubavu wa ile ya kawaida. Kwa chuma laini na kisu cha mm 12 cha hai-spidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu vya mashine), naenda mizunguko kama 650 kwa dakika, nikila mm 0.5 kila mpito. Mashine ikianza kulia, punguza kina. Stima ikipotea kisu kikiwa ndani ya chuma, zima swichi na ukiinue kabla haijarudi.

Kama mshazari unahitaji tundu lililosimama wima, usiteremshe biti ya kutobolea moja kwa moja, itateleza na kuvunjika. Chimba kwanza kitako bapa kwa kisu cha milingi, kisha toboa hapo.